BANDARI YA MOMBASA: NEEMA, WATU NA AMANA YA BAHARI



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Wapenzi wanafunzi, na wazazi wetu mnaosoma jarida hili pamoja na watoto nyumbani, mwaka huu tumechagua kuzungumzia kitu tunachokiona kila siku, na kwa kuwa tunakiona kila siku tumezoea kukipita bila kukitazama. Kitu hicho ni bandari. Wengi wenu mna baba, babu au mjomba aliyewahi kufanya kazi Kilindini. Wengine mnavuka Likoni kila asubuhi na mnaziona meli zikiingia, kubwa kuliko majumba. Lakini tukiulizana bandari inatuletea nini, inatutaka nini, na inaifanyia nini bahari yetu, wachache wetu tutakuwa na majibu. Makala haya yanajaribu kuyaeleza mambo hayo matatu: uchumi, watu na mazingira. Tutaona kwamba hayatengani, na kwamba likiharibika moja, na mengine mawili huharibika.

BANDARI ILIANZA WAPI?

Mji wetu ni kisiwa chenye bandari mbili. Upande wa mashariki kuna Bandari ya Kale, pale chini ya Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Huko ndiko majahazi yalikokuwa yakitia nanga kwa mamia ya miaka. Yalikuja na upepo wa kaskazi kutoka Bara Arabu, Ghuba na Bara Hindi, yakarudi na kusi. Msafiri mashuhuri Ibn Battuta alifika Mombasa mwaka 1331. Aliwaeleza wenyeji wake kuwa ni watu wa dini wenye misikiti ya mbao iliyojengwa vizuri, na akataja kwamba nafaka yao ililetwa kutoka nje ya kisiwa. Tangu zama hizo, basi, watu wa mji huu wanakula kinachokuja na vyombo.

Upande wa magharibi kuna Kilindini. Jina lenyewe linajieleza: kilindi ni mahali penye maji ya kina kirefu. Majahazi hayakuhitaji kina kile, lakini meli za chuma zilikihitaji. Ujenzi wa reli ya kwenda Uganda ulianza hapa mwaka 1896, na mwaka 1901 reli ikafika ukingoni mwa Ziwa Viktoria, mahali panapoitwa Kisumu leo. Hapo awali meli zilitia nanga katikati ya maji na mizigo ikaletwa pwani kwa matishali. Mwaka 1926 magati mawili ya kwanza ya maji ya kina yakakamilika Kilindini, na meli zikaweza kufunga ukutani na kushusha moja kwa moja. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza kuvunjika mwaka 1977, Kenya iliunda Mamlaka ya Bandari mwaka 1978, nayo ndiyo inayosimamia bandari hii hadi leo.

MELI INAPOFIKA

Wanafunzi wengi hutuuliza kinachotendeka meli ikifika. Tueleze kwa ufupi.

Meli kubwa haiingii bandarini peke yake. Husubiri nje, kisha rubani wa bandari huenda kwa mashua, akapanda na kumwongoza nahodha. Rubani huyu anaujua mkondo, miamba na maji kupwa na kujaa, kama manahodha wa zamani walivyoyajua. Matagi, yaani vile vyombo vidogo vyenye nguvu nyingi, huisukuma na kuivuta meli hadi ikakaa sawa gatini. Ndipo winchi huanza kazi. Makontena hushushwa na kupangwa uwanjani. Ngano husafirishwa kwa mikanda hadi kwenye maghala marefu. Magari huendeshwa yakatoka tumboni mwa meli. Mafuta hupitishwa katika mabomba hadi matangini.

Kisha huja kazi ya karatasi, ambayo siku hizi nyingi yake hufanywa kwa kompyuta. Wakala wa kutoa mizigo hupeleka hati, watu wa forodha hukagua na kutoza ushuru, na mwenye mali hulipa. Baada ya hapo shehena hupakiwa kwenye lori au gari moshi. Ukihesabu, utaona kontena moja limepita katika mikono ya rubani, baharia, mwendesha winchi, mhesabu shehena, wakala, afisa wa forodha, dereva na utingo wake, na mama anayewauzia chai na chapati nje ya lango. Hiyo ndiyo maana ya kusema bandari inalisha mji.

NEEMA YAKE

Tuanze na sahani ya asubuhi: mahamri, mbaazi na chai. Zaidi ya nusu ya ngano inayoliwa Kenya hutoka nje ya nchi, na huingilia hapa. Mafuta ya kukaangia mahamri mengi hutokana na mawese ya Malaysia na Indonesia, nayo huingilia hapa. Chai, kinyume chake, hutoka. Mnada wa chai ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969, na huuzwa humo chai ya Kenya pamoja na ya nchi jirani kama Uganda, Rwanda na Burundi. Mkulima wa Kericho ambaye hajawahi kuiona bahari anaitegemea Kilindini kama anavyoitegemea mvua.

Sasa tutazame hesabu. Mwaka 2023 bandari yetu ilihudumia shehena ya karibu tani milioni 36. Mwaka 2024 ikapanda hadi tani milioni 41 na kitu. Makontena, yakihesabiwa kwa kipimo cha futi 20, yalifika milioni 2 mwaka huo wa 2024, kutoka milioni 1.6 mwaka uliotangulia. Si mizigo ya Kenya peke yake. Sehemu kubwa ni ya Uganda, Sudan Kusini, mashariki ya Kongo, Rwanda na Burundi, nchi ambazo nyingi hazina bahari. Mtu wa Kampala akinunua gari au kiberiti kilichotoka ng'ambo, kuna uwezekano mkubwa kilipita hapa.

Ongezeko hilo halikuja lenyewe. Mkondo wa kuingilia ulichimbwa ili upokee meli kubwa zaidi. Kituo cha pili cha makontena kilijengwa kwa mkopo kutoka Japani, awamu ya kwanza ikakamilika mwaka 2016 na ya pili mwaka 2022. Reli mpya ya kwenda Nairobi ilizinduliwa mwaka 2017. Na mwaka 2022 gati jipya la mafuta lilifunguliwa Kipevu, linaloweza kupokea meli nne kwa wakati mmoja.

Hata hivyo, ndugu zetu, tani ni kipimo cha mizigo, si kipimo cha riziki. Mizigo inaweza kuongezeka na ajira zisiongezeke. Zamani gunia lilibebwa mgongoni, na meli moja iliajiri makuli kwa siku nyingi. Leo winchi moja hunyanyua kontena zima kwa dakika chache. Kijana anayetegemea nguvu za mabega tu atasimama nje ya lango, na aliyesoma hesabu, ufundi, sheria au ubaharia ataingia. Tunasema haya ili mjue kwa nini walimu wenu hawachoki kuwahimiza juu ya masomo ya skuli pamoja na ya madrasa.

MIKONO ILIYOIJENGA

Tusiisahau migongo ya wale waliotutangulia. Makuli wa Kilindini waliajiriwa kwa kibarua, siku kwa siku. Meli ikichelewa, hakuna mshahara. Vyumba vilikuwa vya kubanana, na bei za vyakula zilipanda, hasa wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Mwaka 1939 waligoma. Januari 1947 mji mzima ukasimama: wafanyakazi wapatao 15,000, wa bandari, reli na kazi nyingine, waliacha kazi kwa muda wa siku 12 hivi. Mwaka 1955 makuli waligoma tena. Baada ya hayo ndipo mpango wa kuwaandikisha wafanyakazi na kuwapa kazi ya kudumu ulipoimarika, na chama chao cha makuli kikapata nguvu ya kuzungumza na waajiri mezani.

Tunayataja haya kwa sababu moja. Ustawi wa bandari haukuwafikia wafanyakazi mpaka waliposema kwa umoja. Na dini yetu imetufundisha kwamba mwajiriwa hulipwa haki yake upesi, kabla jasho lake halijakauka. Haki ya mfanyakazi ni deni linalodaiwa, wala si hisani ya mwajiri.

WATU WA KANDO YA BANDARI WANA SAUTI

Bandari haikai hewani. Imezungukwa na Likoni, Mtongwe, Changamwe, Jomvu na Mikindani, na kote huko kuna watu wanaoishi kwa bahari: wavuvi wa ngalawa na malema, akina mama wanaouza samaki wa kukaanga, vijana wanaovusha watu kwa mitumbwi. Mkondo ukichimbwa, matope hutibuka na samaki hukimbia. Gati likijengwa, mahali pa kutegea hufungwa. Faida ya kazi ile huenda nchi nzima, hata nchi sita, lakini hasara humwangukia mtu mmoja mwenye ngalawa moja. Je, ni nani wa kumsemea?

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imejibu. Kifungu cha 10 kimeufanya ushiriki wa wananchi kuwa miongoni mwa misingi ya utawala. Kifungu cha 42 kimempa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kabla yake, sheria ya mazingira ya mwaka 1999 ilikwisha kuagiza kwamba mradi mkubwa ufanyiwe kwanza tathmini ya athari zake, na wananchi wasikilizwe. Kwa upande wa wavuvi, kanuni za mwaka 2007 ziliwawezesha kuunda vikundi vya usimamizi wa fuo, maarufu kwa jina la BMU, ambavyo huandikisha wavuvi na kuwasemea.

Sheria hizi zina meno pale tu watu wanapozitumia. Tuitoe mifano miwili ya pwani yetu.

Wa kwanza ni wa hapa hapa. Agosti 2019 ilitolewa amri kwamba mizigo yote ya kwenda bara isafirishwe kwa reli mpya na ikatolewe Nairobi. Wenye malori, madereva, mawakala, wenye maghala na wenye mikahawa ya njiani walihisi riziki inawatoka. Watu waliandamana, na wengine wakaenda mahakamani. Novemba 2020 Mahakama Kuu ya Mombasa iliamua kwamba amri ile ilikwenda kinyume cha katiba, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa. Septemba 2022 serikali mpya ilipoingia iliagiza shughuli za kutoa mizigo zirudi Mombasa. Reli yenyewe si adui; inapunguza malori barabarani na moshi wake. Kosa lilikuwa kuliamulia tumbo la mtu bila kumuuliza mwenyewe.

Wa pili ni wa ndugu zetu wa Lamu. Machi 2012 ulizinduliwa ujenzi wa bandari mpya katika ghuba ya Manda, na gati la kwanza likaanza kazi Mei 2021. Wenyeji hawakusema hawataki bandari. Walisema hawakupewa habari za kutosha, mikoko na matumbawe yanaharibiwa, na njia zao za kuvua zinafungwa. Walipeleka kesi mwaka ule ule wa 2012. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliwapa haki: ikaona kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na kwamba utamaduni wa Lamu, mji ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, haukuzingatiwa. Ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76.

Zingatieni miaka hiyo, kutoka 2012 hadi 2018. Mvuvi alisubiri hukumu miaka sita, na hukumu yenyewe haimrudishii mwamba uliozikwa kwa matope. Lau angeulizwa mapema, serikali ingeokoa fedha, mvuvi angeokoa riziki yake, na bahari ingeokoka. Wahenga wamesema usipoziba ufa utajenga ukuta.

BAHARI NI AMANA

Sasa tuingie baharini. Qur'ani Tukufu inatutajia vyombo vinavyopita baharini na vinavyowafaa watu kuwa ni miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu. Katika Surat Ar-Rum tunaelezwa pia kwamba uharibifu hudhihiri bara na baharini kwa sababu ya yale ambayo mikono ya watu imeyatenda. Basi bahari ile ile inayotubebea neema, tunaweza kuiharibu kwa mikono yetu, na sisi wa Mombasa tumeyashuhudia haya.

Mwaka 1988 tangi la mafuta lilitoboka na maelfu ya tani za mafuta yakamwagika hadi hori ya Makupa, yakaua mikoko. Mwaka 2005 meli ya mafuta ilivuja Kipevu, na mafuta yakasambaa mpaka kwenye mikoko ya Port Reitz. Kwa nini mkoko hufa kwa mafuta? Kwa sababu mizizi yake inapumua. Mtazameni mchu: kandokando yake huchomoza vijiti vingi kama kalamu za risasi. Hivyo ndivyo pua zake. Mafuta yakivipaka, mti hukosa pumzi, ukanyauka taratibu.

Na mkoko ukifa hafi peke yake. Kamba, kaa na samaki wengi hukulia baina ya mizizi yake, wakijificha na maadui mpaka wapate ukubwa. Mizizi hiyo hushika udongo usiliwe na mawimbi, na tope lake huhifadhi kaboni kwa miaka mingi, jambo linalosaidia kupunguza joto la dunia. Wazee wetu waliijua kila mmoja kwa jina na kazi yake: mkoko na mkandaa kwa boriti, mchu kwa kuni na mashua, mlilana unaotangulia baharini kuliko wengine, muia, mkomafi, msikundazi. Ni juu yetu kuyahifadhi majina haya yasipotee pamoja na miti yenyewe.

Madhara mengine hayaonekani kwa macho. Meli isiyo na mzigo huchukua maji ya bahari tumboni ili itulie. Mabaharia wetu wa majahazi walitumia mawe au mchanga, wakauita farumi. Farumi ya maji hubeba vijidudu na mayai ya viumbe wa bahari nyingine, na ikimwagwa hapa wageni hao wanaweza kuwashinda wenyeji. Ndiyo sababu mataifa yaliafikiana mwaka 2004 juu ya mkataba wa maji ya farumi, ulioanza kutumika mwaka 2017. Vile vile, tangu Januari 2020, meli zote zimewekewa mpaka wa kiasi cha salfa katika mafuta zinayochoma: kimeshushwa kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5, ili moshi wake usiwadhuru wanaoishi karibu na bandari.

Tusiseme mabaya tu. Kwa miongo mingi njia ya Makupa ilipita juu ya tuta lililoyazuia maji yasipite kati ya hori ya Tudor na Port Reitz. Upande mmoja maji yalizubaa na taka zikalundikana. Mwaka 2022 daraja lilifunguliwa mahali pa tuta, na maji yakapata tena njia ya kupwa na kujaa kama yalivyoumbwa. Pembeni yake Kibarani, palipokuwa jaa la mji lililoporomosha taka baharini, jaa lilifungwa mwaka 2018 na pakaanza kupandwa miti. Mambo haya mawili yanathibitisha kwamba kilichoharibiwa na watu kinaweza kutengenezwa na watu, ikiwa nia ipo.

Mfano mwema zaidi uko Gazi, kusini mwetu katika Kaunti ya Kwale. Tangu mwaka 2013 wanakijiji wa huko, kupitia mradi uitwao Mikoko Pamoja, wanailinda na kuipanda mikoko yao, na hulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa. Fedha hizo zimekwenda katika maji ya kunywa na skuli za kijiji. Ukiwaambia watu wa Gazi kwamba mazingira na uchumi ni maadui, watakucheka.

MFANO WA CHOMBO KIMOJA

Katika Hadithi aliyoipokea An-Nu'man bin Bashir (R.A.), iliyomo katika Sahihi ya Bukhari, Mtume (S.A.W.) alipiga mfano wa watu waliogawana chombo kwa kura, wengine wakakaa juu na wengine chini. Wa chini walipotaka maji walilazimika kupita kwa wa juu. Wakaona bora watoboe tundu katika sehemu yao wenyewe ili wasiwaudhi wenzao. Wakiachwa wafanye watakavyo, wote wataangamia. Wakizuiwa, wote wataokoka.

Hebu tuuweke mfano huu juu ya bandari yetu. Mwenye meli, mwenye kiwanda, serikali, kuli, mvuvi, na mimi na wewe tunaotupa mfuko wa takataka mtaroni, sote tumo katika chombo kimoja. Hakuna anayeweza kusema, "Natoboa sehemu yangu." Maji hayajui sehemu ya nani. Na tuangalie pia kwa nini wale wa chini walifikiria kutoboa: walikuwa na shida ya maji. Wenye nafasi ya juu wakiwasikiliza wa chini na kuwafanyia wepesi, hakuna atakayeshika shoka. Kwa hiyo mfano huu unamfunza wa chini asidhuru, na unamfunza wa juu asiwe kiziwi.

Mafaqihi wetu nao waliweka kanuni kwamba haifai kudhuru wala kulipizana madhara, wakakiwekea hata kisima haddi yake, yaani harimu, ili jirani asichimbe mahali patakapokikausha. Ikiwa kisima kimoja kimehifadhiwa namna hiyo, vipi bahari inayolisha mamilioni?

WAJIBU WETU

Elimu isiyo na amali ni kama mti usiozaa. Basi tumeona tuyataje mambo machache ambayo kila nyumba inaweza kuyafanya.

Kwanza, taka. Mitaro ya mji wetu huishia baharini. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, lakini chupa na vifuko vidogo bado tunaviona ufuoni. Kuondoa udhia njiani ni tawi la imani, na njia ya samaki pia ni njia.

Pili, wazazi wetu wahudhurie baraza zinapoitishwa kujadili mradi wowote karibu na bahari, na wasiende kwa ajili ya soda na nauli tu. Waulize: Mchanga utachimbwa wapi? Matope yatamwagwa wapi? Wavuvi wangapi wataathirika, na orodha yao iko kwa nani? Kazi ngapi zitakuwa za vijana wa hapa? Anayenyamaza barazani hana wa kumlaumu baadaye.

Tatu, wavuvi wajiandikishe katika vikundi vya fuo zao na waweke kumbukumbu ya samaki wanaowapata. Fidia hudaiwa kwa ushahidi, na daftari la senti chache linaweza kuwa ushahidi wa riziki ya nyumba nzima.

Nne, tukipanda mikoko tuwaulize wazee na wataalamu ni aina gani hufaa mahali gani. Mlilana haupandwi juu nchi kavu, wala mkandaa haupandwi mbele penye mawimbi. Kupanda ni mwanzo tu, kwani mche unahitaji kuangaliwa mpaka ushike.

Tano, nanyi wanafunzi someni. Urubani wa meli, uhandisi, uanasheria wa bahari, elimu ya viumbe vya baharini, uwakala wa forodha, zote hizo ni kazi za halali zilizo mlangoni mwenu, kwa wavulana na wasichana. Tunataka siku moja anayeandika ripoti ya athari za mradi, na anayeisoma kwa niaba ya wananchi, wote wawe wametoka katika mikeka ya madrasa kama hii.

HITIMISHO

Bandari ya Mombasa ni neema, na neema hushukuriwa kwa kuitumia vizuri. Mizigo itaendelea kuongezeka, inshallah, na magati yatazidi kujengwa. Lakini mtakapokuwa watu wazima msiulize tu, "Ni tani ngapi mwaka huu?" Ulizeni pia, "Mvuvi wa Mtongwe amepata nini? Kuli amelipwa vipi? Mikoko ya Port Reitz iko hai?" Majibu ya maswali hayo yakiwa mema, hapo ndipo tutakaposema bandari imekua.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atubarikie riziki zetu, awalinde mabaharia na wavuvi wetu, na atujaalie kuwa waangalizi wema wa amana aliyotupa. Amin.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini meli za chuma zilihamia Kilindini badala ya Bandari ya Kale?
2. Taja watu sita ambao kontena hupita mikononi mwao kabla ya kutoka bandarini.
3. Mafuta yakimwagika, huuaje mikoko? Na mkoko ukifa, ni nani wengine wanaopata hasara?
4. Wavuvi wa Lamu walilalamikia mambo gani, na mahakama iliamua nini mwaka 2018?
5. Muulize mzee mmoja wa nyumbani au mtaani: bahari ya utotoni mwake ilikuwaje, na ya leo ikoje? Andika majibu yake ukurasa mmoja uyalete darasani.

Wabillahi tawfiq.